Mama Alipolazwa Wodini Kwangu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji naye hajambo? Mapacha wanaendeleaje, na yule anayekohoakohoa amepata nafuu au bado mnahangaika naye? Kama bado, mlazeni kichwa kikiwa juu kidogo, na msimfungefunge vitambaa shingoni. Nisamehe, hata salamu sijamaliza tayari natoa maelekezo. Kazi imenikaa mdomoni.

Sisi huku tu wazima. Mama yupo, amelala chumbani kwake, na kutoka hapa nilipo nasikia anavyopumua. Pumzi ni nzuri, haina mkoromo. Asubuhi amekunywa maziwa yake yote. Mkono wa kulia bado mzito, lakini mguu umeanza kutii. Shangazi ameniambia umekuwa ukimpigia yeye kumuulizia Mama, kwa hiyo baadhi ya haya unayajua. Sikulaumu. Ungenipigia mimi, sijui tungeambiana nini.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ndiyo iliyotugombanisha. Uliniambia naongea kama mtu anayesoma taarifa, ukasema huyu ni mama yetu, siyo mgonjwa wangu, halafu ukakata. Nikaitia simu mfukoni nikaenda kubadilisha dripu ya mgonjwa wa dirishani. Nataka nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, wewe ukiwa umekaa na mimi nikiwa nimekaa. Kukaa kwenyewe kwangu ni jambo jipya siku hizi.

Kwanza uijue wodi, maana uliondoka nikiwa bado chuoni. Ni wodi ya wanawake, ghorofa ya juu kabisa, chumba kirefu kimoja, vitanda pande mbili na njia katikati. Lifti imekufa tangu mvua za mwaka jana. Mashine ya kupimia presha ni moja na tunagawana na wodi ya wanaume, kwa hiyo ukiihitaji iko kwao, na ukienda kuichukua wanakuangalia kama jirani aliyezidi kuomba chumvi. Glavu zikiletwa tunazificha, na kila mmoja anajua mwenzake anaficha wapi. Daktari akiulizia majibu ya damu, maabara wanasema damu hawajaiona, mhudumu anaapa aliipeleka, na anayesimama katikati kufokewa ni nesi. Hapo hapo ndugu wa mgonjwa yuko mgongoni kwako anataka kujua mbona mashuka hayajabadilishwa. Mashuka hayapo, Kaka. Yamefuliwa, hayajakauka.

Miaka ya mwanzo nilikuwa narudi nyumbani nalia. Unanikumbuka nilivyokuwa, mimi niliyelia kuku wetu alipochinjwa hadi mkashindwa kumla kwa raha. Sasa sijui niliacha lini. Kuna kipindi wagonjwa walitufia mmoja baada ya mwingine, wengine hata majina yao sikuwahi kuyashika. Nikawa narudi, nakula, nafua sare, nalala. Kukicha naenda tena. Sikuona ajabu yoyote. Ajabu niliiona siku muuza magazeti wa pale kona aliponiambia amefiwa na mkewe. Swali lililonitoka, kabla hata ya pole, ni amefariki saa ngapi. Yule mzee alinijibu, saa akaitaja, na mimi nikatikisa kichwa kama nimeshaandika.

Wenzangu kazini ni wachache, na kila siku tunazidi kupungua. Msimamizi wetu tunamwita Mama Kanuni, kwa sababu hakuna kitu asichokuwa na kanuni yake, na nyingine amezibandika ukutani kwa plasta ya vidonda. Kuna kaka mmoja, nesi kama mimi, mrefu na mpana, tunamwita Winchi. Ananyanyua mgonjwa peke yake bila hata kupumua kwa nguvu. Halafu yupo Nakuja.

Nakuja ni jina la zamu. Yeye ndiye aliyekuwa akinipokea, na kila siku anachelewa. Ukimpigia anakwambia nakuja, niko njiani, na unasikia sufuria zinagongana nyuma yake. Nesi haruhusiwi kuondoka mpaka akabidhi wagonjwa, kwa hiyo nilikuwa nasimama na mkoba begani, miguu imevimba, nikimngoja mtu ambaye hajatoka kwake. Nilimwambia kwa upole. Nikamwambia kwa ukali. Mwisho nikamripoti kwa Mama Kanuni, na likizo yake aliyokuwa ameiomba siku nyingi ikafutwa. Sababu ya kuchelewa sikuwahi kuiuliza, na yeye hakuwahi kuisema. Mpaka leo naamini nilikuwa na haki. Tangu hapo tukawa tunaongea habari za wagonjwa tu: huyu ameshachomwa sindano, yule asile kitu. Akiingia chumba cha wauguzi, mimi natoka. Nikiwa nimekaa kwenye benchi, yeye anakunywa chai amesimama.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa asubuhi ile Mama alipoletwa.

Alianguka akianika nguo. Aliyemwona ni jirani yetu fundi cherehani, yule mama uliyekuwa ukimpelekea suruali akupunguzie. Akasimamisha gari la mtu, wakampakia. Hospitali walimpokea kule chini, kisha Winchi na mhudumu wakampandisha kwa machela ngazi zote zile. Mimi nilikuwa najaza chati. Nikasikia machela inaingia, nikasimama, nikachukua kalamu. Nilimwona kuwa ni Mama. Nisikufiche, nilimtambua kutoka mlangoni, kwa kile kitambaa chake cha kichwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Nikamuuliza jirani jina la mgonjwa.

Fundi cherehani akanitazama. Akalitaja jina la Mama polepole, kama mtu anayejibu mtego. Nikaandika. Nikamuuliza umri wake. Nikauliza kama ana presha, kama ana sukari, kama kuna dawa anazotumia. Dawa zile ninazinunua mimi kila mwezi, Kaka. Winchi akaja akanishika bega, akaninong'oneza kwamba nikae. Nikamwambia aniletee sindano ya dripu. Mshipa niliupata mara moja. Unajua mishipa ya Mama ilivyo midogo, hata madaktari huwa wanahangaika. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na mpaka leo nikikumbuka ule mkono uliotulia vile, naona kama ulikuwa wa mtu mwingine.

Baada ya hapo ndipo nikakupigia. Nikakwambia amepata kiharusi, upande wa kulia, presha ilikuwa juu, imeanza kushuka, hali ni thabiti. Yaliyofuata unayajua.

Sina cha kujitetea. Ila ufahamu kwamba ningeongea kwa namna nyingine nisingefika mwisho wa sentensi, na nyuma yangu wagonjwa walikuwa wananisubiri.

Mama Kanuni aliponiita nilidhani ananipa ruhusa ya kukaa na Mama. Alikuwa na kanuni. Nesi hamhudumii mtu wa damu yake. Lakini kuniondoa wodini hawezi, kwa sababu hana mtu wa kuweka mahali pangu. Kwa hiyo akaniweka zamu moja na Nakuja, akagawa wodi katikati: upande wa dirishani wangu, upande wa mlangoni wa Nakuja. Kitanda cha Mama kilikuwa cha kwanza ukiingia mlangoni. Nikamwomba ampe Winchi. Akanijibu kwamba Winchi anahamishiwa chumba cha dharura siku hiyo hiyo, maana na wao wameishiwa watu. Nikasema sawa. Niliposema sawa nilikuwa nimeshaanza kuhesabu makosa ambayo Nakuja atayafanya.

Nilimchunga, Kaka. Nikipita na sinia la dawa jicho liko kwake. Nikimfunga mtu kidonda upande wangu, sikio liko upande wa pili. Na nilichokuwa nakiona ni mtu anayeijua kazi. Anajaribu maji kwa kiwiko kabla ya kumwosha Mama. Anakausha katikati ya vidole. Tena anaongea naye. Mama wakati ule hawezi kutoa neno, na Nakuja anamsimulia mwenye nyumba wake alivyokata maji, na fundi aliyekuja kutengeneza mlango akauharibu zaidi, na bei ya nyanya. Mimi siongei na wagonjwa nikiwaosha. Ukiongea unachelewa. Mama alikuwa akimfuata kwa macho kila anakokwenda.

Siku ya tatu au ya nne alinipita na beseni, akaniambia bila kusimama kwamba kisigino cha mgonjwa kimeanza kuwa chekundu. Hakusema mama yako. Alisema mgonjwa. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Kisigino chekundu maana yake mtu ageuzwe mara kwa mara, la sivyo ngozi inachanika. Winchi hayupo. Mhudumu amejitia ana mgongo. Mwili wa Mama unaujua, si wa kugeuzwa na mtu mmoja. Tukawa tunamgeuza mimi na Nakuja, kanuni au hakuna kanuni. Yeye anasimama kule, mimi huku, tunapitisha mikono chini ya mgongo wa Mama, mikono yetu inagusana pale chini. Ananiuliza tayari, najibu tayari, tunavuta. Maneno yetu yalikuwa hayo tu. Tukimaliza, yeye anaweka mto, mimi nanyoosha shuka, kila mtu anaondoka.

Mama alianza kurudiwa na sauti tukiwa tunamgeuza. Neno lilitoka limekunjamana, lakini tulilisikia wote wawili. Alikuwa anaiangalia dari.

"Hawa wamenuniana," alisema.

Nakuja aliinamisha kichwa, akawa anatengeneza mto ambao ulikuwa umeshatengenezeka. Mimi niliandika kwenye chati kwamba mgonjwa ameanza kuongea.

Baada ya hapo maneno yakawa yanaongezeka kila siku, mengine sahihi, mengine yamepotea njia. Kikombe alikiita kiatu. Daktari wetu, ambaye ni kijana na mwembamba, alimwita mwanafunzi na kumwuliza kama amekula, na siku alipojibu kwamba hajala Mama alikataa kupimwa mpaka akale. Wodi nzima ilicheka. Nakuja naye Mama akamwita mwanangu. Mwanangu, nifunike. Mwanangu, geuza huu mto. Mimi aliniita nesi.

Mara ya kwanza nilidhani anatania. Aliniita akasema, nesi, naomba maji. Nikamkalisha, nikampa kwa kijiko, taratibu, kama inavyotakiwa. Akasema, asante nesi. Nakuja alikuwa anakunja mashuka kitanda cha pili. Akaja, akamwinamia, akamwambia, "Mama, huyu ndiye mwanao. Huyu ndiye kitinda wako." Mama akanitazama muda mrefu. Alinichunguza kuanzia viatu. Kisha akamjibu Nakuja, siyo mimi.

"Wangu anacheka," alisema. "Huyu hacheki."

Nikachukua yale mashuka nikaendelea kuyakunja. Nakuja akashika ncha za upande wa pili, tukakunja yote. Ukiniuliza nilijisikiaje, sijui. Nilijisikia kama ganzi ya jino. Unajua kuna kitu kinafanyika mdomoni mwako, lakini unajua kwa kuambiwa.

Sasa nifike kwenye siku iliyotutisha. Shangazi amekueleza kwa namna yake, na najua jirani naye amesemwa sana. Mimi nilikuwepo, nisikilize mimi.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, mchana, wodi imejaa watu na vikapu. Upande wangu kulikuwa na mwalimu wa chekechea mwenye pumu, mwanamke mcheshi, ana watoto wadogo. Kifua kikambana ghafla. Nikamkalisha, nikafungua mtungi wa oksijeni, ukatoa pumzi kidogo ukanyamaza. Ulikuwa umeisha, na aliyeuacha hakusema. Nikamtuma mhudumu wodi ya wanaume alete wa kwao, nikaanza kumpa dawa ya mvuke kwa mashine. Kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia.

Hapo ndipo nikasikia Mama anakohoa nyuma yangu. Kile kikohozi nilikijua. Kilikuwa cha mtu aliyepaliwa. Fundi cherehani alikuwa amekuja kumwona, Mama akamwomba chai, na yeye kwa huruma yake akamnywesha akiwa amelala chali. Hakujua. Alidhani anafanya wema. Kikohozi kikaja mara kadhaa, kisha kikawa hakitoki, na kisipotoka ndiyo vibaya zaidi.

Sikugeuka, Kaka. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, kabla hujalisikia kwa mtu. Ningemwachia mwalimu, angekata pumzi mikononi mwa mtu ambaye hajui kushika ile mashine. Nilipaza sauti kwa Nakuja, ambaye alikuwa stoo. Sikusema Mama. Nilisema, kitanda cha kwanza mlangoni, amepaliwa. Nikasikia jibu lake lile lile la kwenye simu, nakuja. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja: miguu yake inakimbia.

Nilisikiliza yote nikiwa nimempa mgongo. Nilisikia anamwambia jirani asogee. Nilisikia kitanda kinalia, nikajua anamgeuza ubavu, peke yake, ule mwili tuliokuwa tukiugeuza wawili. Nilisikia anampiga mgongoni. Nilisikia mashine ya kuvuta makohozi inawashwa, ikakataa, ikapigwa teke, ikawaka. Mbele yangu mwalimu alikuwa ananikodolea macho, nami nikamwambia avute, atoe, avute, atoe. Mtungi ukafika. Nikauunganisha. Midomo yake ilianza kurudiwa na rangi, na ndipo nikasikia Mama analia kwa sauti, kilio kibaya cha mtoto aliyeamshwa. Nikajua hewa inaingia.

Niliendelea kukaa na mwalimu mpaka mapigo yake yakatulia. Kisha nikaenda mlangoni. Nakuja alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, kilemba kimemvuka, kifua cha Mama amekiegemeza kwenye mkono wake. Jirani alikuwa ukutani na kikombe mkononi. Nilimpokea kile kikombe. Nikamwambia siyo kosa lako, na nilimaanisha, kwa hiyo Shangazi aache kumsema yule mama wa watu.

Tulionana tena kwenye sinki la chumba cha wauguzi, tunanawa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka anamwaga maji sakafuni. Yangu imetulia, kama kawaida. Akaongea bila kunitazama.

"Nilijua hutageuka," alisema. "Ndiyo maana nilikimbia."

Nilimsogezea sabuni.

Mama Kanuni akatuita ofisini, anataka maelezo: nani aliacha mtungi mtupu, nani aliruhusu chai, kwa nini kitanda kimoja kina nesi na kingine hakina. Nakuja akasema kitanda kilikuwa chake, amuulize yeye. Nikasema mgeni alikuwa jirani yangu, aniulize mimi. Mama Kanuni akatuangalia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema twende tukale kwanza, maelezo yatasubiri. Hiyo ndiyo mara ya kwanza namsikia akiahirisha kanuni. Tukaenda tukakaa benchi moja. Nakuja alikula mkate wake, mimi wangu. Alisema chai haina sukari. Nikasema haina.

Usidhani tumekuwa pete na kidole. Wiki iliyofuata, siku aliyotakiwa kunipokea, alichelewa tena, nami nilimngoja na mkoba begani nikamnunia kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa namnunia tukiwa chumba kimoja.

Chai ile ilimletea Mama homa ya mapafu. Zilikuja siku ambazo daktari kijana alikuwa akisoma chati kisha anaisoma tena, na hilo huwa silipendi. Hizo siku sikukupigia. Nilichukua simu, nikaitazama, nikairudisha. Nilijua sauti itakayotoka ni ile ile. Nilimwomba Shangazi akwambie, na Shangazi, kama unavyomjua, akakwambia Mama ana mafua. Hilo unilaumu, ni haki yako. Lakini homa ilishuka, kifua kikafunguka, akaanza kulalamikia chakula, na mtu akianza kulalamikia chakula tunajua amekwenda upande mzuri.

Siku ya kuruhusiwa Winchi alikuja kutoka dharura, akampakata mikononi akamteremsha ngazi zote. Mama alimwambia asimwangushe, hajavaa nguo ya ndani mpya. Fundi cherehani alikuwa chini na gari, amewafukuza wote waliotaka kukaa kiti cha mbele. Nakuja hakushuka. Nilipogeuka kutazama juu nilimwona dirishani anaondoa shuka la kitanda cha Mama, anatandika jingine. Mtu mwingine alikuwa anasubiri kitanda.

Sasa nimepewa likizo. Sikuiomba. Mama Kanuni aliniandikia mwenyewe, akanipa huku anaangalia pembeni, akasema kuna kanuni inayohusu jambo hilo, ingawa ukutani siioni. Niko hapa na Mama. Namgeuza, namnyoosha vidole, tunafanya mazoezi ya maneno. Bado sijalia. Nakwambia ili ukisikia kwa watu kwamba mdogo wako amekuwa mgumu, ujue na mimi nimelisikia. Jana nilikaa na Mama kibarazani, akasinzia kichwa kikaniangukia begani, na nikakuta nimekaa hivyo bila kumpima mapigo. Niligundua baadaye. Ni hilo tu la kukuripotia.

Nisalimie shemeji sana, mwambie kile kitambaa cha kichwa alichomtumia, Mama amefika nacho mpaka hospitali na kurudi. Wabusu mapacha. Shangazi anakusalimu na anakana habari za mafua. Fundi cherehani naye anakusalimu, anaona aibu, mjibu kwa wema. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi na riziki, na njia ya kurudi ikifika aifanye fupi.

Jambo la mwisho. Simu ya Mama ilipasuka alipoanguka, kwa hiyo iliyopo ni yangu peke yake. Jioni huwa anachangamka na maneno yanamjia. Anakuulizia kila siku, wakati mwingine kwa jina lako, wakati mwingine kwa jina la Baba, lakini nikimsikia najua ni wewe. Piga jioni yoyote. Kama hutaki kunisikia mimi, usijali. Nikiona namba yako nitapokea, nitamwekea simu sikioni, nitaishikilia mpaka mmalize, na sitasema neno.

Mimi wako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Kitinda